Net si neti: lebo za dagaa zilivyonitesa

Ninafungasha dagaa wa Ziwa Victoria hapa Mwanza, pakiti za gramu 250. Naandika haya kwa sababu ushauri niliopewa bado unazunguka mjini, na kuna wenzangu watakaoupokea kwa mikono miwili kama nilivyoupokea mimi.

Duka moja lilikubali kuchukua mzigo wangu kwa sharti kwamba lebo iwe na "net weight". Nikamwendea kijana anayechapa lebo. "Mdogo wangu, hii net weight ndiyo nini?" Hakusita hata kidogo. "Mama, net si ndiyo neti? Neti inamfunika mtu kitandani. Basi huo ni uzito wa kinachofunika dagaa, yaani mfuko mtupu."

Alivyoeleza, niliona imekaa sawa kabisa. Nikaenda nyumbani, nikapima mfuko mtupu: gramu 8. Akachapa "Net weight 8 g", lebo kama mia sita hivi, laki na kitu ukijumlisha nauli za kwenda na kurudi.

Nikapeleka katoni ya kwanza. Mwenye duka akainua pakiti, akasoma, akasoma tena. "Mama, gramu nane za dagaa kwa bei hii? Umetuona wajinga?" Wateja wawili walikuwa wamesimama pale kaunta. Nikabeba katoni yangu hadi stendi ya daladala bila kuaga.

Usiku ule usingizi uligoma. Binti yangu yuko kidato cha tatu, ana kamusi nene ya Kiingereza. Nikamwambia anitafutie net. Akapekua, akasema, "Mama, mbona ziko mbili?" Nikavaa miwani. Kweli, begani mwa neno palikuwa na tarakimu ndogo kama chawa: huku 1, kule 2. Ukiiona tarakimu hiyo, usiipite. Inakwambia kwamba hayo ni maneno mawili yasiyojuana, yamefanana sura tu, kama kaa la moto na kaa wa baharini.

Net ya kwanza ni ya Kiingereza cha kale, na Wajerumani hadi leo wanasema Netz. Huo ndio wavu: wa mvuvi, wa goli, na chandarua pia. Humo ndimo lilimotoka neno network, ambalo Biblia ya Kiingereza ya 1611 inalitumia kwa wavu wa shaba wa madhabahu, Kutoka 27. Na intaneti ya kwenye simu zetu ni mjukuu wa ukoo huo.

Net ya pili ilivuka kutoka Ufaransa ikiwa na maana ya safi, na nyuma yake kuna Kilatini, nitidus, chenye kung'aa. Hapo nikapiga meza kofi. Si ndiyo kazi yangu ya kila siku? Nikitoka Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki, na dagaa walioanikwa mchangani, nawaweka kwenye ungo, napepeta. Mchanga unashuka, vichwa vilivyokatika vinajitenga, wanabaki wale wa rangi ya fedha, wanameremeta. Hao waliobaki ndio net! Mhasibu akitaja faida ya net, anasema hilo hilo: kilichobaki ukishatoa gharama zote.

Kwenye lebo net ina mwenzake, gross, na hiyo ni gros ya Kifaransa, nene, kubwa: net weight ni dagaa watupu, gross weight ni mfuko na dagaa kwa pamoja. Grocer wa Kiingereza zamani alikuwa muuzaji wa jumla, na jina lake limetokana na gros hiyo. Kumbe hata grosari yetu ya bia mtaani ni ya ukoo huo.

Na kama mizani yako ina kitufe cha TARE, kitumie. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, taraha, kutupa. Weka mfuko mtupu, bonyeza, uzito wake unatupwa na mizani inasoma sifuri. Ndipo umimine dagaa. Mimi nilikuwa natoa kwa kalamu, pakiti moja moja, miezi yote hiyo.

Kijana wa lebo nilimrudia na kamusi mkononi. Alisoma kimya, akachapa upya kwa nusu bei: "Net weight 250 g".

Mwenye duka alipopokea katoni alichomoa pakiti moja akaiweka kwenye mizani yake. Ikasoma 258. Akanitazama.

"Nane ni za mfuko, dada," nikamwambia.