Siku moja maishani mwangu: skauti wa msitu, Arabuko-Sokoke

Watu wakisikia mimi ni skauti wa msitu hufikiria bunduki na magwanda. Bunduki sina. Nina tochi, panga, simu, buti na leso ya kujifunga puani moshi ukizidi. Sisi ni wanakijiji tunaopakana na msitu huu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Tunazunguka na kutazama, tukiona jambo tunawaita askari wenye mamlaka ya kukamata. Tunapata posho, si mshahara, na kuna miezi haiji. Naandika siku hii, Jumamosi moja ya Februari, kwa sababu nimechoka kuulizwa, "Kwani mnalinda nini huko, miti?"

Saa kumi na moja alfajiri nimeamka. Uji wa watoto, maji, kufagia uwanja, halafu viwavi. Mradi wa Kipepeo ulipoanza Gede mwaka 1993, watu wa vijiji vya ukingoni walipata njia ya kula kutokana na msitu bila kuukata, nami ni mmoja wao. Tunafuga viwavi kwa majani ya miti ya humo humo, wakishakuwa pupa, yaani wamejifunga kabla ya kugeuka vipepeo, tunazipeleka Gede, na kutoka hapo zinapanda ndege kwenda kuanguliwa kwenye nyumba za vipepeo huko ng'ambo. Ada ya shule ya kifungua mimba wangu ilitoka kwenye majani. Kwa hiyo anayeniuliza nalinda nini, jibu la kwanza ni hilo.

Saa tatu nimepeleka pupa. Saa saba nimelala, maana zamu yangu ni ya usiku.

Saa kumi jioni nimekutana na mwenzangu, mzee wa upande wa Jilore anayeujua msitu kuliko mtu yeyote niliyewahi kutembea naye. Tukaingia. Mpaka magharibi tulikuwa tumetegua mitego miwili ya waya iliyotegewa paa, tumeona kinyesi cha ndovu kibichi, tukabadili njia. Hayo ni ya kila siku.

Februari ndiyo inayotunyima usingizi. Kaskazi inavuma, mvua ya masika bado mbali, na chini ya miti ya mirihi majani makavu yamelala tabaka juu ya tabaka. Ukikanyaga yanalia kama karatasi. Ndani ya majani hayo ndimo analala sengi, mnyama mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu, ambaye makao yake makubwa duniani ni msitu huu. Mchana anakimbia huku na huku, usiku anajifukia kwenye kiota cha majani pale pale chini. Moto ukipita usiku, umempita akiwa amelala.

Saa tatu na robo hivi mzee alisimama, akainua mkono. Sikuona kitu. Kisha nami nikanusa.

Moshi una lugha. Moshi wa tanuri la makaa ni mzito, una harufu ya udongo na majani mabichi, na hauji mara moja. Unakaa siku nzima bondeni. Moshi wa warina asali unakuja kidogo kidogo, na mara nyingi una harufu ya makumbi. Huu ulikuwa mwepesi, wa kuni kavu, na ndani yake kulikuwa na nyama. Mzee akasema kwa sauti ya chini, "Hawa wanakula." Tukazima tochi, tukatembea tukiukabili upepo. Mtu anayewasha moto usiku msituni hujui ana nini mkononi, na ndovu nao wako, kwa hiyo hatua mia tatu zilituchukua karibu nusu saa.

Niliona mwanga kwanza kwenye mashina ya mirihi. Kisha gari, kisha hema mbili, kisha watu: vijana watano na dereva wao. Muziki ulikuwa chini, sikatai. Moto waliuwasha kwa kuuegemeza kwenye gogo kubwa la mrihi lililokufa zamani, na cheche zilikuwa zinapanda mpaka kwenye matawi.

Nikawasalimia. Nikajitambulisha. Nikawaambia kwa upole kwamba sheria ya misitu ya mwaka 2016 hairuhusu kuwasha moto msituni bila kibali, na kwamba kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi mtu hakai msituni hivi hivi tu. Nikawauliza kama wana kibali.

"Mathe, tulilipa pale getini."

Walilipa kiingilio cha mchana. Nikaeleza kwamba kiingilio si ruhusa ya kulala, na kulala si ruhusa ya moto. Mmoja, mrefu, mwenye kofia, akaniambia huu ni moto mdogo tu. Nilimjibu kwamba sijawahi kuona msitu ukiungua kwa moto uliozaliwa mkubwa. Akaniuliza mimi ni nani hasa, mbona sina kitambulisho cha serikali. Nikamwonyesha cha kikundi. Akakisoma kwa mwanga wa simu yake, pole pole, kisha akakirudisha bila kunitazama.

Ila aliyeniuma si yeye. Ni dereva. Nilipoelekeza tochi kwenye gari alisema, "Shikamoo, mama," na mimi nikaitambua ile sauti kabla ya uso. Ni mtoto wa kwetu. Mama yake na mimi tunachuma majani ya viwavi pamoja. Hawa wageni wangewezaje kujua njia ile ya mchanga, na kwamba getini hakuna anayepita tena usiku? Yeye alijua. Sikumwambia neno. Nilisema "Marahaba" na nikageuka.

Mzee alikuwa ameshapanda mahali penye mtandao kupiga simu kituoni. Gari la askari lilikuwa upande wa pili wa msitu huu wenye zaidi ya kilomita za mraba 400, kwa njia za mchanga. Tukaambiwa tusubiri.

Basi nikawaambia wauzime. Wakaanza kumwaga mchanga juu. Nikawazuia. Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata watu wazuri, nami nataka neno hili lisomwe mara mbili: mchanga hauzimi makaa, unayafunika. Chini yake yanabaki mekundu saa nyingi, yanaingia kwenye mizizi iliyokufa, halafu upepo wa asubuhi unafukua na kila mtu ameshaondoka. Moto wa kuni unazimwa kwa maji, unakorogwa, unamwagiwa tena, unakorogwa tena, mpaka uweze kuweka kiganja chako kwenye jivu na kukiacha hapo.

Maji walikuwa nayo, mitungi miwili ya lita ishirini nyuma ya gari. "Hayo ni ya kunywa," akasema yule wa kofia. Nikaomba. Akakataa. Nikaomba tena, huku upepo unalisukuma jivu kwenye majani na mimi nalikanyaga kwa buti. Sikumbuki tulibishana muda gani. Nakumbuka msichana mmoja, ambaye hakuwa amesema lolote usiku kucha, aliinuka, akaburuta mtungi mwenyewe mpaka kwenye moto na kuumwaga. Nikamwambia asante mwanangu, aumwage taratibu, aanzie pembeni.

Makaa yakafa. Gogo halikufa. Moto ulikuwa umeshaingia ndani ya uwazi wake, unapumua, ukitega sikio unausikia. Mzee na mimi tulilipasua kwa panga, kipande kwa kipande, na kila kipande kilichotoka kilikuwa chekundu upande wa ndani. Dereva alikuja bila kuitwa, akachukua panga la mzee. Mtungi wa pili ulimwagwa na hakuna aliyezungumzia tena maji ya kunywa. Tuliendelea. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, macho yanawasha, na kuna wakati nilikaa chini tu nikitazama kipande cha mti kikifuka.

Askari walifika saa saba au saa nane, sikutazama. Wakaandika majina yote, na la dereva, wakawatoa. Yanayofuata ni ya kituo na mahakama.

Sisi tulibaki. Hili ndilo mtu wa nje halioni: kukamata ni dakika chache, kukesha na jivu ni usiku mzima. Tulilala kwa zamu, mgongo kwenye mti, na kila ilipofika zamu yangu nilipitisha mkono juu ya mahali pale. Karibu na alfajiri, bundi wadogo wa Sokoke wakiitana mbali upande wa miti ya mifunda, niligusa chini ya lilipokuwa gogo na mkono ukaruka. Mzizi. Tulichimba na kumwagia chai yetu ya rangi iliyobaki kwenye chupa, maana maji yalikuwa yameisha.

Jua lilipotoka jivu lilikuwa baridi kama unga. Tukarudi.

Nyumbani nilinawa mikono mara mbili kwa sabuni kabla ya kugusa viwavi. Mama yake dereva alikuwa ameshafika, ana kikapu chake, amekaa kwenye mkeka ananisubiri twende kuchuma majani.

"Umelala?" akaniuliza.

Nikakaa kando yake nikamweleza mimi mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu mwingine.