Daftari la yaliyokwisha kukamilika

Jumapili, jioni

Jambo ukishalipata, unalizoea. Nyumba iliyokukosesha usingizi kwa miaka, ukishahamia, haipiti miezi mingi unaanza kuona ukuta usio na rangi tu. Kwa hiyo naamini shukrani inataka kalamu, na pa kuanzia ni yale tuliyokwisha kuyamaliza.

Daftari la kurasa 48 linatosha. Kabla ya kuandika, tafuta ushahidi: risiti, cheti, picha za kwenye simu, meseji za malipo. Kichwa husahau gharama, risiti haisahau. Chagua jambo moja tu, ulitengee ukurasa mzima na dakika 15 hadi 20.

Tuseme jambo lenyewe ni kupaua nyumba. "Namshukuru Mungu nilipaua" ni kweli tupu, lakini hakuna unachokiona ndani yake. Jaribu hivi: "Machi 2019, bati 42 za geji 30. Hela ya kikoba ilitosha bati 30. Fundi alikubali kungojea nusu ya ujira wake hadi mavuno. Mama mkubwa alikaa na watoto wiki nzima." Sasa watu wameonekana. Kila unapojiandika mwenyewe, jiulize ni nani mwingine alikuwepo, hata kama alichofanya ni kukuazima ngazi.

Halafu geuza ukurasa, uandike jinsi ambavyo jambo hilo lingeweza kushindikana: fundi angekataa, mvua zingewahi, kikoba kingevunjika kabla zamu yako haijafika. Hii ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Mwaka 2008 Minkyung Koo na watafiti wenzake walionyesha kuwa waliotafakari jinsi tukio jema lingeweza kutotokea walijisikia vizuri zaidi kuliko waliotafakari jinsi lilivyotokea. Tukiona kwamba jambo lilikuwa lazima liwe, halitushangazi tena.

Usiandike kila siku. Kwa wengi, orodha hugeuka haraka kuwa afya, familia, kazi; mkono unaandika, moyo uko kwingine. Sonja Lyubomirsky, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, na wenzake waliwafuatilia watu kwa wiki sita: walioandika mara moja kwa wiki waliongezeka furaha, walioandika mara tatu hawakuongezeka. Shika siku moja.

Usichague makubwa peke yake. Deni la dukani lililolipwa lote au leseni ya udereva vina haki ya ukurasa. Na ukijikuta unapima bati zako kwa vigae vya jirani, acha kuandika, rudi kwenye risiti.

Kuna kurasa zitakazouma, kwa sababu aliyekulipia ada ameshatangulia mbele ya haki. Usizikwepe. Andika jina lake na alichofanya, kisha mweleze mwanawe au mjukuu wake. Mara nyingi hawakuwahi kuambiwa. Kama yu hai, mpigie simu wiki hiyo hiyo. Shukrani za jumla humfanya aseme "aa, usijali" na mazungumzo yakaishia hapo. Taja jambo moja na wakati wake: "Shangazi, ile nauli uliyonipa nikienda kuripoti chuo, ndiyo niliyonunulia chakula wiki ya kwanza." Kisha nyamaza, umwache azungumze.