Kutwa nzima nikiisaka tezi moja: siku moja maishani mwangu

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya mgonjwa yeyote, kuna jenereta, si ya umeme, bali chombo kinachozalisha dawa ya mionzi. Ndani yake molibdeni-99, madini yenye mionzi, inageuka polepole na kuzaa tekneshiamu-99m, dawa yenyewe, nami napitisha maji ya chumvi kuichukua ile iliyojikusanya usiku. Naichanganya na koloidi, chembe ndogo zinazoingia kwenye mishipa ya limfu, majimaji ya mwilini, na kunaswa na tezi zake. Nusu ya nguvu yake hupotea kila baada ya saa 6, kwa hiyo ratiba yote ya leo inaifuata dawa hii.

Saa 2:00. Mama wa leo ana uvimbe mdogo wa saratani kwenye titi la kushoto, umegunduliwa mapema, na ultrasaundi ya kwapa haikuonyesha kitu.

"Sasa mwanangu, kama kwapa ni safi, mnatafuta nini?"

Nalipenda sana swali hili, na sijibu kwa haraka. Ultrasaundi huona tezi iliyovimba au kubadilika umbo. Seli chache zilizojificha ndani haizioni. Limfu ya titi hufikia kwanza tezi moja au mbili, tunazoziita tezi mlinzi. Saratani ikianza kusambaa, kwa kawaida hupitia hapo kwanza. Tukizitoa hizo na kuzikuta safi chini ya darubini, nyingine zinabaki mahali pake. Zamani kwapa lilisafishwa lote, na wanawake wengi waliishi na mkono uliovimba.

Namchoma sindano chini ya ngozi, kando ya chuchu. Inawaka kwa sekunde kadhaa. Nilishamwambia, huwa simfichi mtu. Kisha analikanda titi kwa dakika 5.

Saa 2:40. Picha ya kwanza ya kamera ya gama, inayoona mionzi ya dawa: doa kubwa linalong'aa pale nilipochoma, na kwapani giza tupu.

Saa 3:30. Bado giza. Hapa ndipo kazi yangu ilipo. Wakati mwingine tezi ipo, ila mng'ao wa sindano umeifunika. Nikamgeuza kidogo ubavu, nikalivuta titi kuelekea katikati ya kifua, nikaweka bamba la risasi juu ya pale nilipochoma. Kikatokea kidoa kama punje ya mtama. Sikufurahi bado, maana tone la dawa lililoanguka kwenye ngozi huonekana vivyo hivyo. Nikaifuta ngozi vizuri, nikapiga tena. Punje haikuondoka.

Picha ya SPECT (ya mionzi, kutoka pande zote) pamoja na CT (ya eksirei, ya tabaka kwa tabaka) ikaonyesha kina chake: tezi mbili zilizokaribiana, nyuma ya ukingo wa msuli wa kifua. Nikaweka alama kwa kalamu huku mkono wake umenyooshwa kando, jinsi utakavyokuwa mezani. Ukiweka alama mkono umeshushwa, ngozi itahama na alama itamdanganya daktari mpasuaji.

Saa 7:00 mchana. Chumba cha upasuaji. Daktari anachoma pia rangi ya buluu, na daktari wa usingizi anakumbushwa kwamba rangi hiyo inaweza kushusha namba za kipimo cha oksijeni kidoleni bila oksijeni yenyewe kupungua. Pia, kwa nadra, huleta mzio mkali. Kuna wanaotumia rangi nyingine, kijani cha indosianini, na kamera ya infraredi: mishipa inawaka kwenye skrini, hakuna mionzi, ila haipenyi mbali kwenye mafuta ya kwapa. Kuna na chembe za chuma zinazosakwa kwa kifaa cha sumaku. Hizo zinaweza kuacha vivuli kwenye picha za MRI za baadaye. Mimi naamini katika njia mbili kwa pamoja, mionzi na rangi, kwa sababu nimeona moja ikikwama na nyingine ikiokoa.

Kipima gama, kifaa cha mkononi kinachosikia mionzi, kinalia kwa kasi chini ya alama yangu. Tezi ya kwanza ikatoka, ya buluu. Ikahesabiwa nje ya mwili, kisha kipima kikarudishwa kwapani: chochote kinachozidi asilimia 10 ya hesabu hiyo nacho hutolewa. Ya pili ilizidi, ingawa haikuwa na rangi hata kidogo. Bila mionzi ingebaki.

Saa 10:30 jioni. Nikampitia wodini.

"Mmeipata?"

"Tumezipata mbili, mama. Majibu ya darubini bado, daktari atakuita."

Alikuwa akifungua na kufumba vidole vya mkono wa kushoto, kimoja kimoja. Nikamwambia mkojo utatoka na rangi ya kijani au buluu leo, labda na kesho, asishtuke.