Siku moja gereji: Hilux imetoka ovahoo, bado inachemsha

Saa 1:30 asubuhi. Hilux ya dizeli, injini ya aina ya 3L iliyotoka ovahoo (kufumuliwa na kutengenezwa upya), imelala hapa gereji Iringa tangu jana ili ikaguliwe ikiwa baridi kabisa. Nawasha mfuniko wa rejeta ukiwa umefungwa, nabonyeza mpira wa juu, kisha nafungua mfuniko maji yakiwa bado baridi. Mpira ukikakamaa upesi, na mapovu yakatoka mfululizo, gesi ya mwako inapenya kwenye gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku, mwili wake) au kwenye ufa. Hapa mpira ni laini, mapovu hakuna. Hedi haifunguliwi. Inaniuma kuona watu wanauziwa gasketi ya pili bila sababu.

Saa 2:00. Dereva anasema mjini haina shida, mshale wa joto unapanda akipandisha mlima kutoka Ipogolo na mzigo. Maelezo hayo ni nusu ya kazi. Ingekuwa inachemsha kwenye foleni na kupoa ikikimbia, ningeanza na feni, klachi yake, mkanda na kava. Ikichemsha mlimani, kwanza tafuta maji yasiyopita vya kutosha kwenye rejeta, au presha inayovuja.

Saa 2:30. Mfuniko wa rejeta umeandikwa 0.9, presha unayoshikilia, karibu bar 0.9, lakini raba yake imepasuka. Iringa iko juu, zaidi ya mita 1,500, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Presha ya 0.9 huyavumilisha hadi kupita 110. Mfuniko mpya.

Saa 3:15. Nafungua nyumba ya thamostati, vali inayofunguka kwa joto kupeleka maji kwenye rejeta: tupu, imeng'olewa. Tabia hii inaua injini. Thamostati nyingi za Toyota zina sahani ya chini inayoziba njia ya mkato zikifunguka. Ukiiondoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Mpya, yenye namba 82 (nyuzi za kufungukia), inaingia kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto: inaanza kufunguka karibu na 82, na maji yakitokota imeshanyanyuka zaidi ya milimita 8. Inafungwa kile kipini kidogo cha kutolea hewa kikiwa juu.

Saa 5:00. Injini ina moto, napitisha kipimajoto cha miale usoni mwa rejeta. Upande wa juu 86, kisha kona ya chini 50 ghafla, mabaka mabaka. Mirija imeziba. Bloku ilipooshwa wakati wa ovahoo, kutu iliachia. Maji yalipoanza kuzunguka, tope likakimbilia kwenye rejeta. Ndiyo maana ovahoo bila kusafisha rejeta ni kazi nusu.

Saa 6:30. Rejeta inakwenda kwa fundi wake: matangi yanafumuliwa, mirija inachokonolewa kwa fimbo, yanachomelewa tena. Kumwagia dawa peke yake hakutoi tope lililoganda. Huku nyuma bloku inasukumwa maji ya bomba mpaka yatoke meupe.

Saa 9:30. Kujaza. Pua ya gari juu ya mteremko, heta wazi kwenye moto, kulanti (dawa ya kupoozea injini) na maji nusu kwa nusu, polepole, huku mpira wa juu ukiminywa. Kitabu kikisema lita 10 zikaingia 7, hizo 3 ni hewa, na hewa ikikaa kwenye hedi hedi inapinda.

Saa 10:45. Ipogolo, mchanga nyuma, gia ya pili. Mshale umetulia chini ya nusu mpaka juu. Gari inalala tena: kesho ikiwa baridi maji yatakuwa yameshuka kidogo, yaongezwe kabla haijawashwa.