Miezi saba nikitibu mdomo, ugonjwa uko kwenye meno

Kwa miezi saba nilipiga miayo nusunusu. Aliyepatwa atanielewa: ukifungua kinywa kupita upana wa kijiko, pembe za mdomo zinachanika upya, kulia na kushoto, na lile gamba la njano lililoganda usiku linatoa damu. Achari ya embe niliiaga. Mabuyu ya pilipili nikawa nayatazama mikononi mwa wajukuu. Na hapa mtaani kwetu Langoni, ambapo huwezi kwenda hatua kumi bila kuamkiana na mtu, nilikuwa nikiitikia kwa mdomo uliobanwa, watu wakadhani nimenuna.

Ninja, kile kitambaa cha kufunika uso, ilinisitiri sana. Sikuwahi kuipenda kama mwaka ule.

Nilipaka asali. Nilipaka mafuta ya nazi, kisha ya habasoda, yakaniwasha hadi machozi. Nilipaka ndimu, kwa ushauri wa jirani ambaye mpaka yeo sijamsamehe. Duka moja la dawa wakaniuzia vidonge vya rangi mbili vya kuua bakteria, bila hata kuniambia nifunue uso waone. Mwisho nikapata ile dawa ya zambarau, nikaipaka vizuri, nikasahau kwamba kesho yake kuna kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake, kwa binti wa shoga yangu. Kule ndani wanawake sote tumevua mabuibui, ninja haina kazi, nami nimekaa mbele na mdomo kama niliyekunywa wino.

Kila dawa ilifanya kazi siku tatu, nne. Vinakauka, nashukuru Mungu, vinarudi. Watu wakasema ni upungufu wa damu, basi nikala maini na bitiruti mpaka nikachoka.

Kwa daktari wa meno nilikwenda kwa jambo jingine kabisa, gego la chini lililokuwa likinisumbua. Kijana mdogo, mwenye adabu. Aliutazama mdomo wangu mara moja tu, akaniuliza, "Mama, haya meno ya juu huyavua saa ngapi?"

Nikanyamaza. Meno yangu ya juu yote ni ya bandia, mwaka wa 11 sasa, na nilikuwa nikilala nayo. Mume wangu alipokuwa hai sikutaka anione kibogoyo. Alipofariki nikaendelea vivyo hivyo, maana wajukuu hulala chumbani kwangu.

"Siyavui," nikasema.

Akayatoa, akanipa kioo. Kaakaa lilikuwa jekundu kama tikiti, na wekundu ule ulikatika palepale ukingo wa meno ya bandia ulipokatika, kama mtu aliyepaka rangi kwa kufuata kiolezo. Halikuwa likiniuma hata kidogo, ndiyo maana sikujua. Akaniambia hiyo ni kuvu, kandida, imefanya makao kwenye ile plastiki na chini yake, na kila nikiponya pembe za mdomo inashuka tena na mate. Halafu akaniambia nifumbe kinywa. Ufizi husinyaa kadiri miaka inavyokwenda, na meno ya bandia yanalika, kwa hiyo taya langu la chini lilikuwa likipanda juu kuliko zamani nikifumba, na midomo inakunjana pembeni. Katika mkunjo ule mate yanatuama mchana kutwa. Nami, nikiona panakauka, naparamba! Ngozi inalowa, inakauka, inapasuka.

Alinipima damu na sukari pia, kwa kuwa vidonda hivi vinaweza kutoka kwa upungufu wa chuma au vitamini za B, au kwa kisukari. Vyote vilikuwa sawa. Kusema kweli nilisikitika kidogo, kwa maini yale yote.

Dawa ilikuwa krimu ya mikonazole, napaka kidogo sana pembeni, na jeli yake ya kinywani kwa ajili ya kaakaa. Aliniuliza kwanza kama natumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, maana hizi mbili hazipatani kabisa. Nawe usinunue kabla hujasema unachotumia. Akanikataza kuacha siku ile vidonda vinapofunga, niendelee siku kadhaa mbele. Juu yake mafuta ya mgando, hasa kabla ya kulala, mate yasiingie. Meno yenyewe nayasugua kwa sabuni na mswaki laini kila jioni, si kwa dawa ya meno, kwani inayakwaruza na kuvu hujificha kwenye mikwaruzo. Kisha yanalala kwenye maji, mimi nalala kitandani, kila mmoja mahali pake.

Wiki ya pili nikapiga mwayo mzima, nikashika mashavu kwa mazoea, hakuna kilichochanika. Meno mapya, yaliyopimwa upya ili taya lisipande kupita kiasi, nilidunduliza miezi minne kuyapata. Mwanzo nilikuwa nikisema "s" kwa mluzi.

Kuhusu wajukuu: usiku wa kwanza nilisubiri walale ndipo nikayatia kwenye bilauri nyuma ya mtungi. Alfajiri, adhana inaadhiniwa, namkuta yule wa miaka minne amechuchumaa, uso umegusa kioo cha bilauri.

"Bibi," akasema taratibu, asiyaamshe. "Nayo hutawadha?"