Kutoka juu kwenda chini: kubadili nafasi ya stanti unapoingia timu ya ushangiliaji ya chuo

Kila Aprili na Mei, timu nyingi za ushangiliaji (cheerleading) za vyuo vikuu Marekani zinapofanya majaribio, wapo wasichana wanaoingia ukumbini wakiwa flaya na kutoka wakiwa besi. Sababu kubwa ni hesabu tu. Kikundi cha stanti, yaani cha kumnyanyua mwenzao juu, kina watu wanne: flaya anayenyanyuliwa, wabebaji wawili wanaoitwa besi mkuu na besi wa pembeni, na mlinzi wa nyuma. Timu ya watu 20 ikigawanywa vikundi vitano, flaya ni watano na wa kubeba ni 15. Waliojitokeza je? Wengi walikuwa flaya sekondari. Tena msichana wa kilo 54 aliyekuwa mwepesi kuliko wote shuleni kwao hujikuta wa katikati akifika chuoni.

Mzazi Mswahili aliyeko Texas au Ohio, ambaye binti yake amepiga simu analia kwamba "wamenishusha", anafaa kulijua hilo. Binti hajashushwa. Kapewa kazi nyingine, na kazi hiyo ina ufundi wake ambao flaya mzuri anaweza kuuchelewa kwa muda mrefu kama hakuna wa kumwelekeza.

Watu hukimbilia kuzungumzia nguvu. Nguvu inahitajika, lakini kwa miezi mitatu ya gym unaipata. Kinachosumbua zaidi ni macho na wakati: unatazama wapi, na unasukuma lini. Kila nafasi ina macho yake na wakati wake, na mwili uliozoea nafasi moja kwa miaka minne unakataa kuzifuata za nafasi nyingine.

Ushauri wangu kwa flaya anayehama ni huu: kama una urefu, omba kuanza mlinzi wa nyuma kabla ya kuwa besi mkuu. Flaya anajua kifundo cha mguu kinavyojisikia kikishikwa vizuri na kinavyojisikia kikivutwa vibaya. Ujuzi huo unamfaa mlinzi wa nyuma tangu siku ya kwanza. Besi mkuu anabeba sehemu kubwa ya uzito, na mikono ambayo haijawahi kubeba mtu haiko tayari kwa hilo.

Mlinzi wa nyuma anaanza kwa kushika kiuno cha flaya. Flaya anaweka mikono kwenye mabega ya mabesi na kuruka mguu uingie mikononi mwao. Hapo mkono mmoja wa mlinzi unahamia chini ya makalio na mwingine kwenye kifundo cha mguu, kisha kikundi kikipanda, mikono yote miwili inaishia kwenye vifundo. Kazi ya mikono hiyo ni kuvuta kwenda juu, sawasawa na kunyanyua ndoo. Anayeshika vifundo bila kuvuta anawaachia mabesi wawili uzito ambao ulipangwa kubebwa na watu watatu.

Kosa la kawaida ni kusimama mbali. Ukiwa mbali, mikono inalala, na kila unapovuta unavuta kwenda nyuma. Vidole vya flaya vinainuka, uzito wote unahamia kwenye visigino, anaangukia mgongo. Wanaotazama watasema flaya hana mizani, kumbe tatizo lilikuwa hatua moja ya mlinzi. Sogea mpaka kifua chako kikaribie kugusa mikono ya mabesi, viwiko vikiwa juu.

Macho yakae kwenye nyonga za flaya. Si usoni, si miguuni. Nyonga ndiyo ya kwanza kutoka kwenye mstari. Ukiiona imepita visigino, anguko limeshaanza, hata kama miguu bado imetulia mikononi. Mlinzi anayetazama miguu anagundua amechelewa.

Pia mlinzi wa nyuma ndiye anayehesabu, kwa sauti, na watu wote wanne wanafuata sauti hiyo. Flaya aliyezoea kuhesabiwa huhesabu moyoni. Kikundi kikipanda vipande vipande, chunguza hilo kwanza kabla ya kumlaumu mtu kwa udhaifu.

Wakati wa kreido, yaani flaya anaposhuka chali na kudakwa mikononi, mlinzi anampokea chini ya makwapa na kuchukua uzito wa mabega na kichwa. Mikono ipande kumfuata akiwa bado hewani, imdake juu, kisha magoti yakunjwe kuumeza uzito. Uso uweke pembeni ya kichwa chake, usiuache nyuma yake moja kwa moja. Pua za walinzi wa nyuma huumizwa hapo, kwa kisogo au kiwiko cha flaya.

Sasa besi mkuu. Kila kitu kinaanzia kwenye soli ya kiatu. Katika liberti, ambapo flaya anasimama kwa mguu mmoja, kiganja kimoja cha besi mkuu kinakaa chini ya kisigino, na kingine chini ya sehemu pana ya mbele ya unyayo, vidole vikipanda pande zote mbili za kiatu. Besi wa pembeni anaingiza mkono chini ya katikati ya unyayo, na wa pili unakaza kutoka juu ya kiatu au kwenye mkono wa mwenzake pale saa inapovaliwa, kadiri kocha anavyofundisha. Kiganja kikikaa kwenye vidole vya flaya na kisigino kikaachwa hewani, mguu utatikisika hata flaya awe hodari kiasi gani.

Kiganja kikae wima juu ya mkono, viwiko vielekee mbele ya mbavu. Viwiko vikifunguka kando, misuli ya mabega inabeba peke yake na inachoka ndani ya hesabu nane, yaani kuhesabu moja hadi nane. Ukifika ekstensheni, yaani flaya akiwa amepandishwa juu kabisa, mikono inyooke karibu na masikio na viwiko vifunge, ili mifupa ndiyo ibebe. Maumivu ya kiganja kinapoungana na mkono ndiyo malalamiko ya kwanza ya besi mpya, na chanzo mara nyingi ni kiganja kilichopinda nyuma. Bandeji ya kufunga inapunguza maumivu, lakini ukikaa umepinda kila siku yatarudi.

Wakati ndio mgumu zaidi. Besi mpya husukuma kwa mikono miguu ikiwa bado imekunjwa, na stanti inakwama usawa wa kidevu. Utaratibu ni magoti kwanza: shuka mgongo ukiwa wima na uzito kwenye visigino, panda kwa miguu, na mikono imalizie kasi ambayo miguu imeshaianzisha. Zoezi linalofundisha hili ni kusukuma chuma juu ya kichwa kwa msaada wa magoti. Anza na chuma kitupu cha kilo 20, seti nne za marudio matano, na ongeza pale tu ambapo kila rudio linafanana na la kwanza. Ongeza kuchuchumaa na chuma kikiwa mbele ya mabega, seti tatu za nane, na kutembea huku umenyoosha vyuma viwili vidogo juu ya kichwa kwa sekunde 30.

Umbali kati ya mabesi wawili unakadiriwa kwa mabega ya flaya. Wakiachana, miguu yake inapanuka, na hana nguvu ya kuirudisha. Kwa stanti ya mguu mmoja wanasogea karibu zaidi, na besi mkuu anaingia chini kabisa ya mguu. Wasitupe kichwa nyuma kumwangalia flaya usoni, maana mgongo unapinda na kiuno kinalipa. Watazame mguu walioubeba, na kiuno kilicho juu yake.

Kuna jambo moja la hatari ambalo flaya aliyehama lazima alifanyie kazi kwa makusudi. Kwa miaka yote amefundishwa kwamba stanti ikiharibika, akaze mwili na awaachie wenzake kumdaka. Hilo ndilo sahihi kwa flaya. Akiwa besi, mwili wake bado unakumbuka somo lile: stanti inayumba, yeye anakaza na kusubiri, au anarudi nyuma nusu hatua. Nusu hatua hiyo ndiyo inayomfikisha mtu sakafuni. Besi anasogea kwenda kwa anayeanguka, kila mara, mikono juu, na analenga kichwa, shingo na mabega kabla ya kitu kingine. Haliingii kwa kuambiwa. Fanyeni zoezi la kuangusha stanti kwa makusudi: kwanza kutoka usawa wa kiuno, kisha usawa wa mabega, mbele, nyuma na pande zote mbili, juu ya mkeka mnene na mtu wa tano akilinda. Timu zinazoliruka zoezi hili kwa kuona linapoteza muda zinakosea sana.

Ngazi za kupanda ninazozipendekeza: kukunja magoti pamoja bila mtu juu, flaya kuingia mikononi na kutoka bila kupandishwa, usawa wa mabega kwa miguu miwili, ekstensheni, mguu mmoja usawa wa mabega, liberti ya juu kabisa, na mwisho kabisa mizunguko na kurusha. Kila ngazi ishikiliwe hesabu nane, safi, mara tano mfululizo, na kushuka kuwe kwa utulivu. Ikiharibika mara ya nne, anzeni moja tena. Inachosha, lakini stanti za chuoni hufanywa mwishoni mwa onyesho, mapafu yakiwa yameisha.

Anayehama kutoka besi mkuu kwenda wa pembeni hudhani hakuna kilichobadilika. Kimebadilika: mkono uliokuwa wa kisigino sasa ni wa katikati, na akihamia upande mwingine mwili wote unageuka kama kwenye kioo. Mpeni wiki mbili za usawa wa mabega kabla ya kumpandisha.

Kutoka besi kwenda flaya hutokea mara chache, na mazoezi yake mengi ni ya chini. Simama mguu mmoja kwa hesabu nane mara tatu, goti limefungwa, makalio yamekazwa, macho mbele usawa wa ukuta. Ukitazama chini, kifua kinafuata na nyonga zinakwenda nyuma. Ukiwa juu usijaribu kujirekebisha kwa mguu. Mizani ni kazi ya walio chini, na kila unapotafuta mizani mwenyewe unawanyang'anya mguu.

Mabadiliko makubwa kuliko yote ni kutoka vikundi vya wasichana pekee kwenda timu ya mchanganyiko, ambako mwanaume mmoja anambeba flaya mmoja. Flaya wa kikundi amezoea kupandishwa. Hapa anaruka, na sehemu kubwa ya urefu inatoka kwake. Anasimama mbele ya mwenzake, wote wakitazama upande mmoja. Besi anashika kiuno, dole gumba nyuma; flaya anashika mikono ya besi pale saa inapovaliwa. Wanakunja magoti pamoja. Flaya anaruka wima, kisha anasukuma chini kwa mikono kama mtu anayetoka ndani ya bwawa. Besi anarusha mpaka viganja vimalizie kwa msukumo wa ghafla, anaachia, na kudaka miguu usawa wa mabega.

Makosa hapa ni machache na yanajirudia. Flaya anaruka kabla besi hajamaliza kushuka, na mrusho unakufa kiunoni. Anaruka kwenda mbele, na besi anamkimbilia. Anafungua miguu mapema, na besi anadaka mguu mmoja. Au anaachia mikono ya besi haraka kwa woga, akapoteza ule msukumo wa mwisho ambao ndio unaompa besi muda wa kuhamisha viganja. Kwa besi, kosa kubwa ni kurusha kuelekea kifuani kwake badala ya juu. Fanyeni mirusho kumi ya kwenda na kurudi sakafuni bila kudaka miguu kabla ya kujaribu kudaka, na mlinzi asikosekane nyuma hadi kocha amwondoe.

Wanaotoka vilabu vya All Star, yaani vya binafsi vya mashindano nje ya shule, wajue pia kwamba mashindano makubwa ya vyuo, kama yale ya NCA (National Cheerleaders Association) pale Daytona Beach, Florida, hufanyika juu ya mkeka wa povu usio na springi. Sakafu haikurudishii kitu. Mabesi wapya huilaumu miguu yao wiki ya kwanza, na flaya wa mchanganyiko huona wanaruka chini. Fanyeni mazoezi kwenye sakafu ya namna ile ile, na kumbukeni kwamba uwanjani siku ya mechi ni nyasi au mbao, na juu ya mbao kanuni za usalama za vyuo hubana zaidi urushaji na piramidi.

Kabla ya majaribio, mwandikie kocha na umuulize moja kwa moja anatafuta nani: flaya wangapi wanahitimu mwaka huu, na vikundi gani vina pengo. Video ionyeshe nafasi mbili. Ya zamani iwe na stanti yako bora. Mpya iwe na stanti rahisi iliyo safi, kwa mfano ekstensheni ya hesabu nane na kreido, ikipigwa kutoka mbele na kutoka ubavuni, bila kukatwa, ili kocha aone mlivyopanda na mlivyoshuka. Andika urefu wako halisi, hasa wa bega, kwa sababu anapanga mabesi wawili kwa mabega yanayolingana. Kucha fupi, hereni na pete nje, nywele zimefungwa. Na ukigongwa kichwani wiki ile ya majaribio, simama hapo hapo na umwambie mhudumu wa afya wa timu, hata kama jina lako ndilo linalofuata kuitwa.