Turufu ya Kizota

Kipupwe cha 2016 nilikuwa likizo kwa babu na bibi, Kizota, Dodoma. Kwenye begi nilikuwa na pakiti tatu za taroti, karata za picha ambazo watu hubashiria, nilizopewa na rafiki anayeongoza watalii Arusha: ya Marseille, yenye mtindo wa zamani wa Kifaransa, ile ya London ya mwaka 1909, aliyoichora Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Waite, na ya Thoth, kazi ya Frieda Harris na Aleister Crowley. Vijitabu vyake vilinichosha. Karata moja maana chungu nzima, nyingine zinapingana.

Nikaona bora niziache zisemeshane zenyewe. Nikatandika mkeka barazani, nikapanga kila karata na wenzake wawili, vijiwe juu, maana upepo wa Dodoma hauna adabu.

Bibi akachungulia. "Hiyo ramli?"

"Napanga picha tu, bibi."

"Basi zisiingie ndani kwangu."

Nilianza na karata ya Mpumbavu. Wa Marseille ni hohehahe, mnyama anamrarua suruali kwa nyuma. Wa Smith ni kijana maridadi kwenye ukingo wa genge, mbwa mweupe anamrukia. Mimi nampenda yule wa kwanza. Angalau anajua kinachomuuma. Lakini kwenye karata ndogo, zile za namba tu, Smith hana mpinzani. Tatu ya Panga ya Marseille ni panga tatu na maua, basi. Yake ni moyo uliochomwa na panga tatu, na mvua inanyesha. Hiyo huhitaji kuuliza, ingawa ukishaiona, ile ya Marseille haikuachii tena nafasi ya kuwaza lako.

Babu alitoka usingizini, akasimama juu yangu. Ni mstaafu wa reli, na jioni zake huwa za karata na wastaafu wenzake. Picha hakuzijali. Aliangalia namba, na za Kirumi alizijua kwa saa.

"Mjukuu wangu, hapa kuna mtu kachezea pakiti. Mwanamke mwenye simba huku ni 11, na huku 11. Hapa katikati ni 8."

Nilikuwa nimezikodolea macho mchana kutwa nisilione. Nikamweleza: kwenye pakiti yake Waite alizibadilishia namba karata mbili, Nguvu, yule wa simba, na Haki. Golden Dawn, chama cha siri cha mambo ya uchawi alichokuwemo, kilikuwa kimezifunga karata na nyota, na kwenye nyota Simba hutangulia Mizani. Kwa hiyo mwanamke wa simba akapandishwa mbele ya mwenye mizani. Crowley akazirudishia namba za zamani. Waite mwenyewe aliandika tu kwamba ana sababu zinazomridhisha.

"Mtu mwenye sababu za mfukoni usicheze naye kwa fedha," babu akasema, akaketi. "Haya, zinachezwaje?"

Ndiyo, zilianza kama mchezo, Italia ya kaskazini, karne ya 15. Mambo ya kubashiri yalishika Ufaransa karne ya 18. Nikamwambia zile 21 zenye picha kubwa, ukimwacha Mpumbavu, ni turufu, zinakula karata za kawaida zote. Hakutaka maelezo zaidi. Akakusanya za Marseille, akazichanganya, sheria akazitunga palepale.

Bibi aliposikia ni mchezo akavuta kigoda. Babu akamgawia, na kabla hata hajacheza karata ya kwanza akaanza kumlalamikia kwamba anachungulia.